Jinsi Sumaku Inavyosoma Miamba ya Karagwe na Kyerwa

Granaiti ya ukanda wa Karagwe na Ankole, pamoja na miamba myeusi ya jamii ya gabro inayoanzia Kabanga wilayani Ngara hadi Musongati nchini Burundi, ni magma iliyoganda chini ya ardhi. Kundi kubwa lina umri wa miaka milioni 1,375 hivi. Granaiti changa zaidi, inayohusishwa na madini ya bati kama yale ya Kyerwa, ina takriban miaka milioni 986. Mwaka 2010, mwanajiolojia Luc Tack na wenzake walitoa hoja kwamba kundi la kwanza liliingia wakati gamba la dunia likivutwa na kutanuka. Wapo wanaoona dalili za kubanwa wakati huohuo. Macho matupu hayaamui shauri hili, kwa sababu granaiti nyingi huonekana kama uji ulioganda bila mpangilio wowote.

Mpangilio upo. Mwaka 1954 John Graham wa Marekani alipendekeza utafutwe kwa sumaku. Mwamba ukiwekwa katika uga hafifu wa sumaku huupokea kidogo, lakini si sawasawa kila upande. Punje ndefu ya magnetiti hupokea zaidi kwa urefu wake. Ulanga hupokea zaidi kwa ubapa wake kuliko kwa unene. Vipimo vya pande nyingi vikiunganishwa hutoa umbo la yai lenye mihimili mitatu. Mhimili mrefu hufuata upande ambao madini yamelala au kuburutwa; mfupi husimama wima juu ya ubapa, na mwamba ukiwa umebanwa, huelekea kule mbano ulikotoka. Yai bapa kama chapati ni dalili ya kubanwa, na yai refu kama muhogo ni dalili ya kuvutwa.

Kazi huanzia mlimani. Keekee ya petroli yenye meno ya almasi, ikipozwa kwa maji, hukata kipande cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 2.5, nacho hutiwa alama ya mwelekeo kabla ya kung'olewa. Juu ya gabro dira ya kawaida hupotoshwa na mwamba wenyewe, hivyo hutumika dira ya jua. Eneo la Karagwe na Kyerwa liko karibu na ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu na utosi na kivuli huwa kifupi mno, kwa hiyo asubuhi na alasiri ndizo saa nzuri za kupima.

Adui mkubwa ni udongo mwekundu wa mkoa wa Kagera. Mvua na joto huozesha madini ya chuma na kuzaa hematiti mpya, na sampuli ya juu juu hueleza habari za mvua badala ya za magma. Jiwe zima hupatikana kwenye makorongo, machimbo ya kokoto na mashimo ya wachimbaji wadogo.

Swali gumu ni madini gani yanayotoa ishara ya sumaku. Mwaka 1977 Shunsuke Ishihara wa Japani aligawa granaiti katika jamii mbili, yenye magnetiti na yenye ilmeniti, na bati huandamana na hii ya pili. Granaiti ya namna hiyo hutoa ishara hafifu inayotoka hasa kwenye ulanga, na husomeka moja kwa moja. Kwenye gabro magnetiti hutawala, na punje zake zikiwa ndogo mno hugeuza mihimili: mrefu huonekana mfupi. Asiyelijua hili atasoma mbano kinyume. Ndiyo maana sampuli hupashwa moto; ishara ikizimika karibu na nyuzi 580 za Selsiasi, mbebaji ni magnetiti.

Hata hivyo yai la sumaku halisemi mpangilio ulitokea lini. Kipande chembamba cha jiwe kinachopitisha mwanga huwekwa chini ya hadubini: kwatzi iliyopindika na kupasuka inaonyesha mwamba ulibanwa ukiwa umeshaganda, kwatzi safi kati ya ulanga uliopangika inaonyesha magma ilikuwa bado ikitiririka. Ubapa wa granaiti hulinganishwa pia na mikunjo ya miamba ya mashapo inayoizunguka. Kipimo cha sumaku kisichoambatana na hadubini na umri wa mwamba uliopimwa kwa punje za madini ya zikoni hakitoshi kuamua kama ukanda wa Karagwe ulivutwa au ulibanwa.