Berlin walivyosoma barua za Waswahili

Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kiliwapa wasomi wa Ulaya mtihani ambao elimu yao ya Kiarabu haikuutosha. Elimu hiyo haikuwa changa. Mwaka 1613 Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilimpata Thomas Erpenius awe profesa wa Kiarabu, na mwaka huohuo sarufi yake ikachapishwa. Naye hakujifunza vitabuni tu: alipokuwa Ufaransa mwaka 1611 alikutana na al-Hajari, mjumbe wa Morocco.

Mtihani wa Kiswahili ulikuja baadaye. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika miaka ya 1850 miswada ya tenzi, ukiwemo ule wa Herekali, ikapelekwa Halle, Ujerumani. Kuisoma kulikuwa kazi. Irabu za Kiarabu ni tatu na za Kiswahili ni tano, kwa hiyo alama moja ilibeba i na e, nyingine u na o. Herufi ya b ilitumika pia kwa p na mb, f kwa v, na ghaini kwa g na ng. Kwa maandishi hayo, “pembe” na “bibi” huweza kuandikwa sawasawa. Mwarabu hodari asiyejua Kiswahili angetamka kila herufi bila kosa, asiambulie maana. Msomaji alipaswa kulijua neno kwanza ndipo alisome.

Kwa hiyo ufumbuzi ulikuwa mtu. Seminari ya Lugha za Mashariki ilipofunguliwa Berlin mwaka 1887, Carl Büttner alifundisha Kiswahili, akisaidiwa na wenyeji wa lugha: Sleman bin Said, kisha Amur bin Nasur. Mwaka 1892 alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, pamoja na unukuzi wa herufi za Kirumi na tafsiri ya Kijerumani. Majina ya mabwana yamekaa majaladani, ingawa masikio yaliyoamua kati ya p na b yalikuwa ya hao walimu. Mombasa nako, Mwalimu Sikujua ndiye aliyemkusanyia na kumfafanulia mmisionari William Taylor tungo za mshairi Muyaka.

Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, upande wa Rungwe na Ileje, tatizo hili halikuzuka. Wamisionari wa Moravian na wa Misheni ya Berlin, waliofika mwaka 1891, waliandika Kinyakyusa kwa herufi za Kirumi tangu mwanzo. Lakini pwani, maofisa wa Kijerumani waliendelea kupokea barua za maliwali na maakida kwa herufi za Kiarabu, ndiyo maana mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Berlin, akawachapishia kitabu cha kujifunza kuzisoma.