Miaka Milioni 1.8: Nani Alikuwepo Kuhesabu?

Nianze na swali nililoulizwa mbele ya kabati la kioo pale British Museum, London. Ndani yake kuna jiwe la ukubwa wa ngumi, limemegwa ukingoni ili likate. Limetoka Bonde la Olduvai, kwetu Tanzania, na ni kati ya zana zilizokusanywa na msafara wa Louis Leakey mwaka 1931. Umri wake ni takriban miaka milioni 1.8.

Dada mmoja wa nyumbani, muuguzi anayeishi huko, ndiye aliyenisindikiza siku yake ya mapumziko. Akalitazama, akanigeukia: "Mdogo wangu, milioni moja na laki nane! Nani alikuwepo kuhesabu?"

Tulicheka. Lakini kiukweli sikusikia swali la kisayansi kuliko hilo siku nzima, na ndilo ninalotaka kulitumia kuipima makumbusho hii.

Kwanza tuwe waungwana. Makumbusho hii ilianzishwa mwaka 1753, ikafungua milango 1759, na mpaka leo kuingia kwenye vyumba vya kudumu ni bure. Ina vitu vipatavyo milioni 8, na vinavyoonyeshwa ni kama asilimia 1 tu. Kwa hiyo ukiingia, usidhani unaiona dunia. Unaona chaguo la mtu.

Shida yangu ni jinsi makumbusho kubwa, sio hii peke yake, zinavyotuzoesha kusoma. Lebo inakupa jina la kitu, mahali, na mwaka. Mwaka unausoma kama bei dukani: umeandikwa, basi umeisha. Yaani sayansi yote iliyouzaa mwaka huo imebaki nyuma ya pazia.

Hebu tumjibu dada. Katika miamba ya volkano kuna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo, iitwayo potasiamu-40, hubadilika polepole na baadhi yake kuwa gesi ya agoni. Nusu ya potasiamu-40 huisha kwa miaka kama bilioni 1.25. Lava ikiwa bado ya moto, agoni hutoroka. Ikishapoa na kuganda, gesi inanaswa ndani. Ni kama ndoo chini ya bomba linalodondosha: mlipuko wa volkano unaimwaga ndoo yote, halafu inaanza kujaa upya. Ukijua kasi ya matone na ukapima maji, unajua ndoo imekaa hapo kwa muda gani.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo wengi tunapotea. Kinachopimwa sio jiwe lililo kabatini. Jiwe lenyewe ni basalti, na ukilipima utapata umri wa lava, sio umri wa mkono ulioimega. Kinachopimwa ni tabaka za majivu ya volkano zilizo juu na chini ya mahali zana kama hii zilipolala. Mwaka 1959 Mary Leakey alipogundua fuvu la Zinjanthropus hapo Olduvai, mumewe alikadiria miaka kama laki sita. Mwaka 1961 vipimo vya potasiamu na agoni vikatoa miaka milioni 1.75. Karibu mara tatu! Namba ile tuliyoisoma kwa sekunde mbili ina historia ya watu waliokosea, wakapima, wakajisahihisha.

Kwa hiyo jibu kwa dada ni hili: hakuna aliyekuwepo, ila tabaka lilikuwepo. Kitu cha kale bila tabaka lake ni kama shahidi aliyesahau alikuwa wapi.

Ukishaelewa hilo, unaitazama makumbusho kwa jicho jingine. Chukua vigae vya Kilwa Kisiwani. Vimo kwenye mkusanyiko huohuo, na mwaka 2010 viliingizwa kwenye kipindi cha redio cha BBC kilichosimulia historia ya dunia kwa vitu 100 vya makumbusho hii. Kuna vya China, vya Mashariki ya Kati, na vya wafinyanzi wetu wenyewe. Viliokotwa ufukweni. Vimechanganyika, havina tabaka, lakini bado vinasema jambo zito: Kilwa ilikuwa ikifanya biashara na bahari nzima. Kigae kilichovunjika kimepewa heshima yake, na kwa hili nawapongeza bila kinyongo.

Halafu shuka ngazi hadi kwenye vyumba vya Afrika. Ndiyo, unashuka; viko chini ya ardhi. Pale kuna vibao vya shaba kutoka Benin, Nigeria ya leo, vilivyotwaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Ni kazi ya kukuacha mdomo wazi. Utafiti uliochapishwa 2023 ulipima isotopu za risasi katika bangili za shaba zilizotumika kama fedha kwenye biashara ya Atlantiki, ikiwemo ya watumwa, na kuonyesha kwamba shaba nyingi iliyofika Benin ilichimbwa eneo la Rhine, Ujerumani. Maabara imesoma chuma hicho vizuri kabisa.

Lakini maabara haiwezi kukurudishia madhabahu. Vichwa vya shaba na pembe za ndovu zilizochongwa vilikuwa vimepangwa pamoja kwenye madhabahu za wafalme, kila kimoja na mahali pake. Vilibebwa bila kumbukumbu ya kutosha ya kipi kilikaa wapi. Wengi hulijadili suala hili kama la haki tu, na ni la haki kweli. Mimi naongeza: ni hasara ya kisayansi pia. Uporaji unaharibu data. Na sheria ya Uingereza ya 1963 inayoibana makumbusho isitoe vitu vyake inalinda kitu, hailindi maana yake.

Usidhani makumbusho haijisahihishi. Jiwe la Rosetta, lile linalozungukwa na simu za watu, liliitwa basalti kwa miaka mingi kwa sababu lilionekana jeusi. Liliposafishwa mwaka 1999, weusi ukaonekana ni nta na wino wa binadamu. Chini yake kuna granodiorite ya kijivu yenye mshipa wa waridi. Hadithi kama hii ndiyo ningetaka kuikuta kwenye kila kabati: tulidhani hivi, tukaangalia tena, kumbe.

Ukienda, iwe London au Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, usikimbilie vyumba vyote. Chagua vitu vitano. Kila kimoja kiulize: kilitoka tabaka gani? Umri wake ulipimwaje? Nani alikichukua, kwa ruhusa ya nani? Lebo ikishindwa kujibu, muulize mhudumu.

Dada yangu alihangaika na lile jiwe hadi tukafukuzwa na muda wa kufunga. Vyumba vya Ugiriki hatukuviona. Njiani kwenye basi akaniambia, "Sasa lile nimelielewa." Kitu kimoja, siku nzima. Mimi naona tulipata faida.