Treni ya Makopo na Kipimo Chake

Katika kurasa kama hizi tumeshahakiki riwaya, tamthiliya na diwani za mashairi, hata nyimbo za taarab hazikuachwa. Sijaona bado mtu aliyehakiki treni ya makopo. Najua wapo watakaocheka: "Huyu naye ameishiwa vitabu!" Sawa, wacheke, lakini wakimaliza wanijibu swali moja. Kazi ya sanaa ni nini, kama si kitu alichokitengeneza mtu ili mwenzake akione kile alichokizoea kwa jicho jipya? Kama ndivyo, basi treni ya makopo ya watoto wa Kigoma ni kazi ya sanaa. Ina fani yake, ina maudhui yake, na inastahili kuhakikiwa kama kazi nyingine. Tena nadai zaidi ya hapo: kuna jambo ambalo watoto wale wanalijua, na wengi wetu tunaojiita waandishi chipukizi hatujalijua. Jambo lenyewe ni kipimo.

Tuanze na kipimo kwa maana yake ya kawaida, ile skeli tuliyofundishwa kwenye ramani. Huko Ulaya, Marekani na Japani wapo watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, wanaotengeneza reli ndogo majumbani mwao. Si mchezo wa kubabaisha hata kidogo. Wana vyama, wana maonyesho wanayosafiri kwenda kuyatazama, na wana vipimo vinavyojulikana kwa herufi. Kipimo cha HO hugawa kila kitu kwa 87, kwa hiyo mtu wa urefu wa meta 1.74 anakuwa na sentimeta 2 tu. Kipimo cha N hugawa kwa 160, na mtu huyo huyo anabaki kama punje ya mchele mrefu. Kuna na treni kubwa za bustanini, ambazo kampuni ya Lehmann ya Nuremberg ilianza kuziuza mwaka 1968 kwa jina la LGB. Hizo hugawa kwa 22.5.

Sasa, msomaji, chukua kalamu. Reli yetu ya Kati, tangu Dar es Salaam hadi Kigoma mwisho wa reli, ni karibu kilometa 1,250. Igawe kwa 160. Utapata kilometa 7.8, mwendo usiopishana sana na ule wa kutoka stesheni ya Kigoma hadi Ujiji. Maana yake ni kwamba ukiijenga reli nzima kwa kipimo cha N, ukaanzia stesheni, basi Morogoro, Dodoma, Tabora na Uvinza zote zingejipanga kando ya barabara ya Ujiji, na kabla jua halijawa kali ungekuwa umeshazipita kwa miguu! Na lipo la kupendeza zaidi. Reli yetu ina upana wa meta moja. Gawa meta moja kwa 22.5, unapata milimeta 44 na kitu. Reli ya LGB ina upana wa milimeta 45, kwa sababu ilibuniwa hasa kuiga reli za meta moja. Kwa hiyo treni ya bustanini ya Mjerumani na treni yetu ya daraja la tatu ni ndugu wa damu, ila ndugu hao hawajawahi kuonana.

Niliwahi kufika Hamburg kwa safari fupi, nikaenda kutazama maonyesho makubwa ya reli ndogo yaitwayo Miniatur Wunderland. Yalifunguliwa mwaka 2001 na ndugu wawili mapacha, Frederik na Gerrit Braun, ndani ya maghala ya zamani ya bandari. Kipimo chao ni HO, na reli walizotandaza zimepita kilometa 15. Reli yetu ya Kati kwa kipimo hicho ni kilometa 14.4. Kwa vyuma walivyonavyo mle ndani wangeweza kututandikia njia yote mpaka Kigoma, na vyuma vingine vikabaki. Mle ndani usiku huingia kila baada ya dakika chache, taa ndogo zikawaka madirishani, magari ya zima moto yakakimbia. Kusema kweli nilisimama mdomo wazi. Mafundi wale wanajua kazi, asikudanganye mtu.

Lakini mhakiki hakai mdomo wazi siku nzima. Nilipoufunga nikaanza kujiuliza: hivi nini kimekuzwa hapa, na nini kimepunguzwa? Jibu ni kwamba treni na viumbe vyote vimegawanywa kwa 87 bila upendeleo, behewa na mbwa, mkwasi na mfagiaji. Huo ndio uzuri wake. Na hapo ndipo nilipoona upungufu. Hisabati imekamilika, ila sikuweza kujua mtengenezaji anampenda nani, anamwogopa nani, alikaa wapi treni ilipopita. Tena hata hisabati yenyewe ina siri zake. Waingereza wana kipimo chao cha OO, kinachogawa behewa kwa 76 huku reli ikibaki ile ile ya HO ya milimeta 16.5, wakati ilipaswa kukaribia milimeta 19. Chanzo ni mota za umeme za zamani, ambazo hazikuingia ndani ya injini ndogo za Kiingereza, ikabidi injini inenepeshwe na reli iachwe. Mpaka leo treni zao zinatembea juu ya reli iliyosinyaa, na wanazipenda hivyo hivyo. Kumbe hata mabingwa wa vipimo huchagua! Swali ni nani anachagua kwa ajili ya nini.

Nilitoka nje nikatazama bandari. Ilikuwa bandari hii hii iliyopitisha makasha ya meli yetu. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapita Hamburg hadi Dar es Salaam, kisha ikapanda gari moshi kuja Kigoma, ambako reli ilifika Februari 1914. Ikaunganishwa upya, ikashushwa majini Februari 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa hiyo, ndugu zangu, Kigoma si wageni katika sanaa ya kuunganisha vipande. Tulishaunganisha kimoja chenye urefu wa meta 71, kipimo cha moja kwa moja. Ila mikono iliyobeba makasha na kugonga ribiti haina majina kwenye hadithi tunazosimuliwa. Majina tunayopewa ni ya mafundi watatu wa Kijerumani.

Ujiji nako kuna somo la namna hiyo. Katika makumbusho ya Livingstone, kwa miaka mingi, wageni wameonyeshwa sanamu mbili za karatasi iliyofinyangwa, Livingstone na Stanley, wakisalimiana. Ukubwa wao ni wa binadamu kamili. Hawakugawanywa kwa 87, wala kwa 2! Walikutana Ujiji mwaka 1871. Stanley mwenyewe ameandika kwamba aliyetoka mbio kumlaki alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, ndipo akarudi mbio kumwarifu bwana wake. Susi hayumo katika jozi ile ya sanamu. Wapagazi waliofika na Stanley nao wamegawanywa kwa namba kubwa mno, hadi hawaonekani. Hicho nacho ni kipimo, jamani. Ni kipimo kisichoandikwa kwenye kibao.

Sasa turudi kwa watoto wetu. Nitahakiki kazi tatu nilizoziona kwa macho yangu, bila kutaja majina ya wasanii kwa kuwa ni watoto.

Kazi ya kwanza nimeiona Mwanga. Injini ni kopo la mafuta ya kula, mabehewa ni makopo ya samaki yaliyofungwa kwa waya, magurudumu ni ndala zilizokatwa duara. Madirisha ya daraja la tatu yamekatwa makubwa kupita kiasi, na katika kila dirisha unatoka mkono wa waya: huu umeshika kuku, huu dumu, huu mfuko wa chumvi. Yeyote aliyesimama Saranda au Uvinza na treni ataitambua picha hiyo mara moja. Nikamwuliza msanii, "Mdogo wangu, mbona mikono mikubwa kuliko mlango?" Akanitazama kwa huruma. "Kaka, kwani wewe hujawahi kupanda daraja la tatu?" Nikanyamaza. Kisha nikaona behewa moja halina dirisha hata moja, kopo limezibwa kote. "Na hili?" Akasema, "Hilo la kwanza. Humo sijaingia."

Msomaji, tafadhali usome tena jibu hilo. Mtoto wa miaka kumi hivi amekataa kubuni asichokijua, na kukataa kwake kumekuwa usanii mkubwa. Behewa lililozibwa linasema habari za matabaka kuliko hadithi nyingi tunazozileta hapa, zenye tajiri mwenye kitambi na maskini mwenye machozi, ambapo mwandishi hajakaa na yeyote kati ya hao wawili.

Kazi ya pili ni ya Gungu, imechongwa kwa kuti la mchikichi. Hii ni kazi ya fani. Mabehewa yote yana urefu mmoja, na chini ya kila behewa kuna viunzi viwili vidogo vya magurudumu manne manne, kila kiunzi kinazunguka juu ya msumari mmoja. Ukiivuta kwa kamba kwenye kona, behewa la nyuma linafuata la mbele bila kuanguka, kama behewa la kweli linavyofanya. Ile ya Mwanga inapinduka kwenye kona, lazima niseme, maana magurudumu yake yamekazwa kwenye bati. Ila hii ya Gungu haina abiria hata mmoja. Ni nzuri na iko kimya. Naiheshimu sana, lakini moyo wangu ulibaki Mwanga.

Kazi ya tatu si treni, ni Liemba, niliyoiona ikielea Kibirizi. Ni ndala mbili zilizoshonwa pamoja na bomba la moshi la bati. Juu yake vimechomekwa vijiti vingi mno, vimebanana, vingine virefu kuliko bomba. Kwa kipimo cha HO Liemba ingekuwa na sentimeta 82 na abiria wa sentimeta 2. Hapa meli haifiki nusu ya urefu huo na watu ni majitu. Ni kosa? Mwezi Mei 2015 Liemba ilikuwa ikiwasomba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma. Aliyesimama bandarini siku zile hakuona meli, aliona watu. Aliyechomeka vijiti vile huenda alisimuliwa tu, lakini amesimuliwa vizuri.

Kuna pingamizi moja ninalolijua, nalo lina uzito. Mtu atasema, "Wewe unawasifu watoto kwa umaskini wao. Wape rula, gundi na rangi, uone kama hawatagawa kwa 87." Nakubali wapewe. Nasema wapewe leo! Yule wa Mwanga akifundishwa siri ya msumari ya yule wa Gungu, treni yake itapita kona na mikono yake yote nje. Sitaki watoto wabaki na makopo ili mimi nipate cha kuandika. Ninachosema ni kwamba rula haitamwambia nani awe mkubwa. Hilo ataamua mwenyewe, na ameshaanza kuamua.

Nasi pia tunaamua kila tunapokaa na kalamu. Hadithi nyingi zinazoandikwa na vijana wa rika letu zimegawanywa vibaya. Utakuta mwandishi wa Kigoma anaeleza hoteli ya Dar es Salaam asiyoijua kwa kurasa tatu, halafu bibi yake anayekamua mawese anapita katika sentensi moja, sentimeta 2, akitoka jikoni. Behewa la kwanza limewekewa mapazia na la tatu limezibwa. Tumekosa adabu ya mtoto wa Mwanga.

Na haraka ipo. Mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022, na upana wake ni milimeta 1,435, siyo meta moja tena. Siipingi, na ikifika nitaipanda. Lakini treni iliyotulea, ile ya siku mbili, kuku mkononi na chumvi dirishani, iko njiani kuwa hadithi, na hadithi hiyo itasimuliwa na aliyeitunza. Kwa sasa wanaoitunza ni watoto wenye makopo, na makopo hupata kutu.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo linalowezekana. Waandishi wa mkoa huu tuombe nafasi pale stesheni, jengo lile la Mjerumani lina ukumbi wa kutosha, tuite watoto wa Mwanga, Gungu, Kibirizi na Ujiji waje na treni zao na meli zao kwa siku moja. Kila kazi iwekewe kibao: nani ametengeneza, kwa vifaa gani, na kwa maneno yake mwenyewe kwa nini ameifanya hivyo. Mshindi asipimwe kwa rula peke yake. Nasi tuje na daftari tuwasikilize. Mimi nitakuwa wa kwanza kupanga foleni.