Foleni ya Mbolea Ilihesabika Mapema

Lori la tani 30 likishusha mbolea Makambako, mkoani Njombe, linashusha mifuko 600 ya kilo 50. Tuseme kila mkulima anachukua mifuko mitatu. Basi mzigo huo ni wa wakulima 200. Tuseme tena wakala anatumia dakika tano kwa kila mmoja, tangu kuuliza namba yake ya ruzuku hadi kuhesabu noti, na mtandao haujamgomea hata mara moja. Hizo ni dakika 1,000, yaani saa 16 na dakika 40. Duka hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Wakala mmoja mwenye simu moja atahudumia watu 120 siku ya kwanza, na 80 waliobaki watatafuta pa kulala mjini au watapanda gari kurudi Lupembe na Wanging'ombe mikono mitupu.

Hesabu hiyo haitaki mtaalamu wa kompyuta. Ingefanywa Julai 2022 juu ya kipande cha karatasi, ingetabiri sehemu kubwa ya foleni zilizoonekana Nyanda za Juu Kusini miezi michache baadaye, msimu wa kwanza wa ruzuku ya mbolea kwa njia ya kidijitali.

Tukumbushane yaliyotokea. Vita vya Ukraine vilikuta bei ya mbolea imeshapanda, vikaipandisha zaidi, na mfuko wa DAP ukapita shilingi 100,000. Serikali ikatenga shilingi bilioni 150 katika bajeti ya 2022/23. Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye kilele cha Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mpango ambao ungeshusha DAP na Urea hadi shilingi 70,000 kwa mfuko. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, ndiyo iliyokabidhiwa mfumo. Mkulima anaandikishwa kijijini kwake, anapewa namba, anakwenda nayo kwa wakala wa pembejeo. Wakala anaitafuta namba kwenye simu yake, anaona anachostahili mkulima huyo, anauza, na serikali inailipa kampuni ya mbolea tofauti ya bei kwa kufuata mauzo yaliyorekodiwa.

Wengi waliijadili habari hii kama siasa ya kilimo. Mimi naitazama kama kazi ya programu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: programu moja iliyokaa kwenye seva mbali, ikitumiwa kwa wakati mmoja na maelfu ya watu wasiofahamiana, kila mmoja kwa kifaa chake. Makampuni yanayokodisha programu kwa ada ya mwezi yanaendesha kitu cha namna hiyohiyo. Hapa ada ililipwa na hazina, basi.

Na kwa upande mmoja kazi ilifanyika vizuri kuliko inavyosemwa. Kabla yake tulikuwa na vocha za karatasi. Kati ya 2008/09 na 2013/14, mkulima aliyechaguliwa na kamati ya kijiji alipata vocha tatu, yaani mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia na mbegu, akachangia karibu nusu ya bei, na wakala akazipeleka vocha benki ya NMB kulipwa. Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen waliochunguza vocha hizo mkoani Kilimanjaro waliandika mwaka 2012 kwamba asilimia 60 ziliishia kwenye kaya za viongozi wa vijiji. Mpango wa 2022 ulifuta uchaguzi wenyewe. Kila aliyeandikishwa ana haki, kwa hiyo hakuna wa kumbembeleza ili jina lako lipite. Uamuzi huo mmoja uliziba mianya mingi kuliko ulinzi wowote wa kielektroniki, na aliyeupendekeza anastahili heshima yake. Mwanya uliobaki ulihamia kwenye meza ya duka: wakala anaweza kurekodi mauzo ambayo hayakufanyika. Ila wizi wa namna hiyo unaacha alama. Ukiona duka limeuza mifuko 90 ndani ya dakika kumi saa 5 usiku, unajua pa kuanzia.

Matokeo ya jumla nayo yapo. Matumizi ya mbolea nchini yalikuwa kama tani 363,000 mwaka 2021/22. Yakafika kama tani 580,000 msimu wa kwanza wa ruzuku, na kama tani 840,000 mwaka 2023/24. Bei ya soko la dunia ilisaidia kwa kushuka, hilo lisisahaulike, lakini mfumo mbovu usingeweza kupitisha mzigo wa kiasi hicho.

Tatizo basi lilikuwa wapi? Lilikuwa kwenye swali la nani hasa ni mtumiaji wa mfumo. Nyaraka na hotuba zote zilimtaja mkulima: mkulima aandikishwe, mkulima apate namba, mkulima anufaike. Lakini mkulima anaigusa programu hii mara moja au mbili kwa msimu, tena kupitia mikono ya mtu mwingine. Anayeishi nayo kutwa nzima ni wakala wa dukani. Mtazame kwenye meza yake. Ana mashine ya EFD ya TRA, kwa sababu risiti lazima itoke. Ana simu ya kupokelea fedha za mtandao. Ana daftari la wadaiwa ambalo hakuna programu iliyowahi kulishinda. Sasa ana pia simu ya ruzuku, na mbele yake yupo mzee ambaye ameiandika namba yake kwenye kipande cha boksi la sabuni, tarakimu moja imefutika kwa mvua. Wakala anajaribu 1, anajaribu 7. Jina linalotokea ni la mtu wa Makete. Nyuma ya mzee watu wanaanza kunung'unika.

Katika hali hiyo dakika tano nilizoweka mwanzoni ni ukarimu. Anayebuni programu ya kutumiwa namna hii angeanza na sekunde za mezani: utafutaji kwa jina na kijiji pale namba inapokataa, orodha ya wakulima wa kata iliyokwishashushwa kwenye simu tangu usiku, mauzo yanayohifadhiwa simuni mtandao ukizima, kisha yakatumwa ukirudi. Hili la mwisho lina hatari yake, najua. Mkulima mjanja anaweza kununua haki yake kwa mawakala wawili ambao wote hawana mtandao. Lakini dawa zipo. Unaweza kuruhusu nusu tu ya haki iuzwe bila mtandao, au kumfunga mkulima kwa mawakala wa kata yake katika wiki za pilikapilika. Hasara ya mifuko michache inayouzwa mara mbili unailinganisha na hasara ya mahindi yaliyochelewa kupandwa. Mimi ningechagua ya kwanza bila kusita, ingawa mkaguzi wa hesabu hatanipenda.

Halafu kuna kalenda. Njombe ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi. Uzinduzi ulikuwa Agosti. Miezi mitatu inaonekana mingi mpaka ukumbuke kwamba tarehe 23 mwezi huohuo wa Agosti ilikuwa Sensa ya Watu na Makazi, na wenyeviti na watendaji wa vijiji waliotakiwa kuandikisha wakulima ndio waliotakiwa pia kuwapokea na kuwaongoza makarani wa sensa. Mkoa wenyewe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, una halmashauri sita, na hakuna kijiji chenye watendaji wa ziada kabatini. Siku iliyohesabiwa kama mwisho wa kazi ilikuwa ile ya jukwaani Mbeya. Siku ambayo mfumo ulianza kazi kweli ni ile ya mvua ya kwanza, pale kila mtu alipotaka mbolea ya kupandia katika wiki zilezile.

Naelewa kwa nini ratiba ilikuwa hivyo. Fedha zilipitishwa na bajeti ya Juni, na kwa bei zile serikali isingeweza kuwaambia wakulima wasubiri mwaka mzima wakati programu inafanyiwa majaribio wilaya mbili. Kuanza nchi nzima kwa mkupuo lilikuwa kosa kwa mujibu wa vitabu vya programu, lakini kwa hali ile sidhani kulikuwa na njia nyingine.

Kuanzia mwaka wa pili, hata hivyo, Njombe ilikuwa na uwanja wa majaribio ambao mikoa mingi haina: vinyungu. Bustani hizi za mabondeni hupandwa kiangazi, viazi mviringo na mboga, na wakulima wake wanataka mbolea wakati maduka ya Makambako yamepoa. Mahitaji ni madogo, wanunuzi ni walewale wa Novemba, mawakala ni walewale, mtandao ni uleule. Toleo jipya la programu likifunguliwa Juni kwa ajili ya vinyungu, kasoro zake zitaonekana mbele ya foleni ya watu kumi badala ya mia mbili, na mafundi watakuwa na miezi minne ya kuzirekebisha. Hakuna maabara ya Dar es Salaam itakayokupa hicho.

Viazi vinaleta shida nyingine ambayo mahindi hayaleti sana. Wakulima wengi wa viazi hukodi mashamba, mwaka huu hapa, mwakani ng'ambo ya bonde. Daftari la wakulima linaloandika ukubwa wa shamba mara moja na kuutumia kugawa mifuko litamfaa mwenye shamba la urithi na kumpunja mkodishwaji aliyeongeza ekari mbili. Kuhuisha daftari ni kazi ya kila mwaka, isiyo na jukwaa wala picha, na ndiyo maana huwa ya kwanza kusahauliwa kwenye bajeti za programu.

Wenzetu wameyapitia. Nigeria ilianza mwaka 2012 kutuma haki ya mbolea kwa simu za wakulima, na jukwaa lake liliendeshwa na Cellulant, kampuni ambayo mmoja wa waanzilishi wake ni Mkenya Ken Njoroge. Ujumbe ulifika hadi kijijini kwa urahisi kuliko mtandao ulivyofika kwenye vituo vya kuchukulia mbolea. Kenya ilishusha mfuko hadi shilingi 3,500 za kwao Septemba 2022, ikagawa kwa kiasi kikubwa kupitia maghala ya bodi yake ya nafaka, NCPB, na foleni zikahamia kwenye mageti ya maghala. Programu ilikuwa tofauti kila mahali, na msongamano ulikuwa uleule, pale idadi ya madirisha ilipokuwa ndogo kuliko idadi ya watu wa wiki moja.

Turudi Makambako. Wapo vijana wanaotaka kuwauzia mawakala wa huko programu zao za kukodi: stoo, madeni, mauzo, oda kwa msambazaji. Soko lipo. Makambako ni njia panda ya Songea kwenye barabara kuu ya Zambia, ina stesheni ya TAZARA na maghala ya hifadhi ya chakula ya NFRA, na biashara ya pembejeo haikosekani. Lakini kifaa cha tano juu ya meza ile hakitapata nafasi kama hakikiondoi kimojawapo cha vile vilivyopo, na cha kuondoa kwa urahisi zaidi ni daftari la wadaiwa. Ukilibeba, umebeba pia majina na madeni ya watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023, huwezi kuyashika kama mali yako.

Ada ya kila mwezi isahau. Duka la pembejeo huingiza sehemu kubwa ya fedha zake kati ya Novemba na Februari, na wakala atakayelipa Desemba bila kuuliza ataacha kulipa Mei, si kwa kuchukia programu bali kwa sababu droo haina kitu. Ukimfungia huduma Mei, Novemba atakuwa amerudi kwenye karatasi. Toza kwa msimu, chukua chote Januari, mwachie aitumie programu bure kiangazi kizima akihesabu magunia ya viazi vya vinyungu, na weka msaidizi wa simu anayejua Kibena.