Buriani, dalali wa Manzese

Ametangulia mzee wetu, dalali wa Manzese, aliyeuanza udalali enzi chumba kikipangishwa kwa maneno ya mdomo. Ofisi yake ilikuwa benchi la kando ya muuza kahawa. Mafaili yote aliyaweka kichwani: nyumba ipi ina maji ya bomba, wapi wapangaji sita wanagombana juu ya Luku moja, mwenye nyumba yupi hataki watoto.

Dar es Salaam tunawasema sana madalali, na si bure. Ukitoka kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, bado kuna mwezi mmoja wa dalali. Wengine hudai hata hela ya kuonyesha chumba kilichokwisha kuchukuliwa jana. Mzee huyu hakupokea senti mpaka mpangaji ashike ufunguo. Tena alikwambia mapema kwamba masika maji huingia hadi uvunguni. Mwenye nyumba akinuna, shauri yake.

Kwenye mauzo ndiko alikokuwa mgumu hasa. Hakuna kusaini kabla ya kuwauliza majirani, mjumbe na serikali ya mtaa, na mke wa muuzaji aseme kwa kinywa chake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi. Sidhani kama aliwahi kuisoma, ila aliitimiza kuliko baadhi ya wasomi.

Siku hizi vijana hutuma picha za simu, zilizopigwa upande usio na ufa. Yeye alikupeleka kwa miguu, akaanza kukuonyesha choo.