Sikio la Msahihishaji: Michezo Mifupi ya Kunaswa na Kiswahili cha Kalima

Utangulizi

Kazi ya kusahihisha mswada inafahamika vizuri katika taaluma ya fasihi andishi. Kazi ya kusahihisha sauti, kwa upande mwingine, haijashughulikiwa vya kutosha na wahakiki wa Kiswahili, ingawa michezo ya redio imewafikia wasikilizaji wa Afrika Mashariki na Kongo kwa miongo mingi. Makala haya yanalinganisha taratibu mbili za kusahihisha michezo iliyonaswa, kisha yanauliza ni upi unaofaa mahali kama Kalima, mji wa madini ya bati mkoani Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja kuu ni kwamba msahihishaji wa sauti hawezi kulitambua kosa kabla hajaamua ni nani mwenye matini.

Matini kwanza, sauti baadaye

Utaratibu wa kwanza unaonekana katika LibriVox, mradi ulioanzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire wa Montreal. Watu wa kujitolea husoma kwa sauti vitabu ambavyo haki miliki yake imekwisha. Katika tamthilia, kila msomaji hunasa maneno ya mhusika wake akiwa peke yake, pengine katika bara jingine. Mhariri huyapanga maneno hayo yawe mazungumzo. Na msikilizaji mwingine huisikiliza kazi nzima ili kubaini maneno yaliyorudiwa, vimya virefu, kelele na sauti isiyolingana kwa ukubwa.

Utaratibu huu una sifa mbili za kuigwa. Kwanza, anayesahihisha si yule aliyesoma, kwa kuwa sikio la msomaji husamehe kile ambacho ulimi wake umekizoea. Pili, lafudhi haihesabiwi kuwa kosa. Hata hivyo, uvumilivu huo unahusu matamshi tu. Maneno yenyewe ni ya kitabu, na panapotokea shaka kitabu ndicho kinachoamua. Aidha, sharti la haki miliki linaiacha nje takriban tamthilia yote ya Kiswahili iliyochapwa. Nakupenda Lakini ya Henry Kuria na Afadhali Mchawi ya Graham Hyslop, zinazohesabiwa miongoni mwa tamthilia za mwanzo kuchapwa katika lugha hii, zilitoka mwaka 1957 tu.

Sauti kwanza, matini baadaye

Utaratibu wa pili ulitokea Lubumbashi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatilia kundi la maigizo la Mufwankolo lilipokuwa likiunda mchezo kutokana na msemo wa Kifaransa wenye maana kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Waigizaji hawakuwa na mswada. Walijadiliana juu ya kisa, wakakifanyia mazoezi, wakakicheza katika kijiji cha Kawama mbele ya kamera za televisheni. Matini ya Kiswahili, pamoja na tafsiri yake, ilichapwa mwaka 1990 katika kitabu Power and Performance.

Hapa kazi ya kusikiliza imegeuzwa. Hakuna kitabu cha kuipima sauti. Sauti ndiyo inayokipima kitabu. Mwigizaji anaposema niko nasema, au anasemaka kwa maana ya desturi, mnakili hana budi kuandika hivyo hivyo, kwa sababu hiyo ndiyo sarufi ya Kiswahili cha Katanga. Hata vipande vya Kifaransa vinavyoingia katika usemi si takataka za kufagiliwa. Katika utafiti wake wa mwaka 1996, Vincent de Rooij alionyesha kwamba viunganishi kama donc na mais katika Kiswahili hicho vina kazi ya kupanga hoja. Mhariri akivikata kwa nia ya kuisafisha lugha, anakata viungo vya mazungumzo.

Hata hivyo, njia hii nayo ina upungufu. Kuandika ni aina ya kuhariri. Kicheko cha hadhira, kimya kabla ya jibu na sauti mbili zinazogongana haviingii kwa urahisi katika ukurasa.

Kosa ni lipi Kalima?

Kalima iko katika wilaya ya Pangi, nchi ya Warega. Kampuni ya Symetain ilianza kuchimba bati eneo hilo katika miaka ya 1930, na kambi za wafanyakazi ziliwakutanisha watu wa lugha mbalimbali. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia Maniema katika nusu ya pili ya karne ya 19, kwa njia ya Nyangwe na Kasongo. Kwa hiyo lugha ambayo wataalamu wa zamani waliiita Kingwana si Kiswahili cha pwani kilichoharibika safarini, bali ni lugha yenye historia yake.

Vijana wa kujitolea wakinasa michezo mifupi Kalima, utaratibu wa kwanza ukifuatwa bila marekebisho utawalazimisha kwanza kuandika mswada, na mswada huo utavutwa na Kiswahili sanifu cha vitabuni. Msahihishaji atakayefuata atatia alama ya kosa kila penye usemi wa nyumbani. Mchezo utatoka safi, nao hautakuwa wa mtu yeyote.

Watetezi wa usanifu watasema kwamba msikilizaji wa Dodoma au Mombasa hatauelewa mchezo wa Kalima. Hoja hii ina uzito, lakini dawa yake ni maelezo mafupi mwanzoni mwa mchezo pamoja na sherehe ya maneno, wala si kuzibadili ndimi za waigizaji.

Inafaa basi kutenganisha mambo matatu. Kasoro ya chombo, kama vile upepo katika kinasa sauti, huondolewa. Kuteleza kwa mwigizaji huondolewa pale tu yeye mwenyewe, baada ya kusikilizishwa, anapokubali kwamba aliteleza. Tofauti ya lahaja haiguswi. Kimya nacho kisipunguzwe kwa saa, kwani katika mchezo kimya cha mkwe mbele ya mkwe ni maneno.

Hitimisho

Kutoka LibriVox ichukuliwe nidhamu ya sikio la pili. Kutoka kwa mfano wa Lubumbashi ichukuliwe kanuni kwamba msemaji ndiye mwenye matini. Sikio hilo la pili liwe la mtu anayekijua Kiswahili cha Kalima na, ikiwezekana, Kirega. Na unasaji wa asili uhifadhiwe mzima kando ya ule uliohaririwa. Msahihishaji akikosea leo, mwingine ataweza kesho kurudi kwenye sauti yenyewe na kumsahihisha.