Ndimu ya Mikumi, mapango ya Amboni

Kwa sisi tuliokulia kwenye jiwe la Mikumi, kipimo cha kwanza cha pango ni ndimu. Kwaruza jiwe kwa msumari upate unga kidogo, kamulia matone mawili, kisha inama utazame kwa karibu. Jiwe la chokaa litachemka povu jembamba na utalisikia likichachatika. Jiwe letu, lile la kijivu lenye michirizi myeupe na myeusi, litalowa tu. Hilo ni naisi, mwamba mkongwe uliopikwa na joto la ardhini, na ndimu haina la kulifanya.

Povu lile ndilo asili ya pango. Mvua hubeba hewa ya ukaa kutoka angani, hubeba nyingine zaidi ikipita kwenye udongo wenye mizizi, na kufikia mwambani imekuwa asidi hafifu kuliko ndimu yako. Lakini ina muda. Huingia kwenye ufa wa chokaa, hulamba kidogo, hushuka, hulamba tena, mpaka ufa wa unene wa kucha unakuwa njia ya mtu kupita wima. Naisi hailambiki hivyo. Ndiyo maana reli ya SGR ilipofika milima yetu ya Kilosa haikukuta njia iliyochimbwa na maji. Mahandaki manne, jumla ya kilomita 2.6 hivi, yalihitaji kutobolewa. Tunachokiita pango huku kwetu mara nyingi ni mwanya kati ya majabali yaliyoegemeana.

Kwa hiyo anayetaka kujifunza kazi ya kutunza mapango nchini humfaa zaidi kwenda Tanga, kilomita 8 hivi kaskazini ya mji, kwenye mapango ya Amboni. Chokaa ya pale ni ya enzi ya Jurasiki, ya miaka milioni 150 hivi, na mwaka 1963 mapango yaliingia mikononi mwa Idara ya Mambo ya Kale.

Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba ukiingia Amboni unaweza kutokea Mombasa, au hata Kilimanjaro. Masimulizi hayo hayakujibiwa kwa kubishana. Yalijibiwa kwa kupima. Watafiti wa Kijerumani na Kituruki walioyachunguza mwaka 1994 walihesabu mapango kumi, na refu kuliko yote likawa mita 900. Mombasa iko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo.

Kupima pango ni kazi ya subira. Mmoja hutangulia na taa mpaka mwisho wa kuonana, mwingine hubaki nyuma. Kamba ya kupimia huvutwa kati yao, dira husomwa, kisha mwinuko, halafu mtu wa tatu huchora kuta kabla hawajasogea. Hatua moja baada ya nyingine, hivyo hivyo, tumbo likiwa topeni. Kosa la digrii moja tu la dira likiendelea kwa mita 900 humweka mtu karibu mita 16 kando ya alipo. Kwa hiyo wapimaji hurudi na kusoma upya kutoka upande wa pili.

Na hapa jiwe letu linarudi. Kati ya Tanga na Kilimanjaro imesimama Usambara, milima ya naisi, ndugu wa mwamba wa Mikumi. Hata bila kamba ya kupimia, mtu mwenye ndimu angeweza kusema kwamba maji hayakutoboa njia mpaka kule.

Katika mapango yale kumi, ni moja tu ambamo wageni hutembezwa. Wengine huliona hilo kama uzembe wa biashara. Mimi naona ndiyo kazi bora iliyofanyika pale. Taa ikiwashwa mara kwa mara, ukuta uliokuwa gizani huota mwani wa kijani. Mkono ukigusa jiwe linaloning'inia, mafuta ya ngozi hubaki na tone linalofuata hushindwa kushika. Popo nao huzaa kwa kawaida mtoto mmoja kwa mwaka. Kelele za kundi la wanafunzi zikiwashtua mama wakati wa kunyonyesha, watoto huanguka sakafuni, na hasara hiyo hailipwi msimu huo. Pango lisiloingiliwa halipati hata moja ya haya.

Amboni kuna pia mahali pa mzimu, ambapo watu huacha sadaka zao na kuomba. Mtunzaji mwenye busara huchora mahali hapo kwenye ramani yake kama anavyochora dimbwi la maji: pana wenyewe.

Sasa, huku kwetu. Ndani ya mwamba huu wa kale, mkoani Morogoro, kuna tabaka za marumaru hapa na pale, na marumaru ni chokaa iliyopikwa. Nayo huchemka kwa ndimu. Ukikuta povu, usikimbilie kutafuta mlango wa pango. Subiri masika, fuata kijito mpaka kinapozama ardhini, kisha uulize kinaibukia kwenye kisima cha nani. Maji ya chokaa hupita kwenye nyufa bila kuchujwa na mchanga. Choo kilichochimbwa juu ya ufa kinaweza kufika kisimani baada ya mvua moja.

Ukishajua kisima ni cha nani, ndipo uende kupima.